Baiskeli Yangu ya Kwanza ya Mbio

Chombo cha kwanza cha magurudumu nilichokipanda hakikuwa na mnyororo wala pedali. Kilikuwa cha mti. Nilizaliwa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, karibu kabisa na mpaka wa Goma, na sisi watoto tulijitengenezea vidude vya mbao tukiiga chukudu, vile vyombo vya magurudumu mawili ambavyo majirani zetu wa Goma huvitumia kubebea makaa na magunia ya viazi. Chombo cha pili kilikuwa cha chuma: baiskeli ya baba. Baba yangu ni umunyonzi, yaani mwendesha baiskeli ya abiria. Nyuma ya kiti chake amefunga tandiko lenye mto, na kwa miaka kumi na minane watu wameketi hapo wakienda sokoni, kanisani, hospitalini na mpakani. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye tandiko hilo.

Nayasema haya mapema kwa sababu chuoni sikuyasema. Nilipofika Huye, mwenzangu wa chumbani aliniuliza baba anafanya kazi gani. Nikamjibu, "Yuko kwenye usafirishaji." Haukuwa uongo, lakini nilijua ameelewa nini.

Tarehe 28 Septemba 2025 nilikuwa Kigali, siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Nilisimama kwenye kilima cha Kimihurura, pale barabara ilipotandikwa mawe. Katika mizunguko ya mwisho Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeibuka mshindi, alipita peke yake, na baiskeli yake haikutoa sauti yoyote zaidi ya mnyororo. Siku hiyo nikaamua: nitanunua baiskeli ya mbio, na itakuwa ya kaboni.

Wiki zilizofuata nilisoma habari za fremu kuliko nilivyosoma ngeli za nomino. Nilijifunza kwamba chuma, kwa ujazo uleule, ni kizito karibu mara tatu ya alumini. Lakini pia ni kigumu kupinda karibu mara tatu, ndiyo maana mabomba ya fremu ya chuma huwa membamba na ya alumini huwa manene. Chuma kisipobebeshwa kupita kiwango chake kinaweza kustahimili mitikisiko mamilioni bila kuchoka. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini huchoka kidogokidogo kwa kila mtikisiko, ingawa fremu iliyoundwa vizuri hudumu miaka mingi. Kaboni ni nyuzi nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Ni nyepesi, na ni imara ajabu kwa upande ule nyuzi zake zilikolazwa. Hata hivyo, pigo la ubavuni laweza kuipasua kwa ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Kuhusu titani, niliangalia bei yake mara moja, nikafunga ukurasa.

Nilikuwa na akiba ya faranga 250,000, niliyoipata kwa kunyoa wenzangu nywele bwenini kwa miaka miwili. Mtu mmoja wa Kigali alikuwa anauza baiskeli ya kaboni iliyotumika kwa faranga 400,000. Bei hiyo ilikuwa ndogo mno, na hilo pekee lingetosha kunishtua, lakini mwenye hamu haoni. Nikampigia baba simu. Akasema anazo 150,000, alizokuwa akiziweka ili abadilishe baiskeli yake mwenyewe. "Nitakupa," akasema, "ila nataka kuiona."

Sikutaka aje. Alikuja kwa basi la alfajiri, amevaa koti lake la Jumapili.

Baiskeli ilikuwa nyeusi, inang'aa, na niliinyanyua kwa vidole viwili. Baba aliizunguka kimya. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mama yako akinunua chungu sokoni hufanya nini kwanza?"

"Hukigonga."

Akatoa sarafu ya faranga 100, akaanza kuigonga fremu taratibu kutoka mbele kurudi nyuma. Sauti ilikuwa kali na safi: ti, ti, ti. Alipofika kwenye bomba la chini, karibu na pedali, sauti ikawa tu, tu, kama mtu aliyegonga mkate. Akarudia. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele.

"Mzee, hiyo ni rangi tu," muuzaji akasema. "Halafu hii si baiskeli ya kubebea ndizi."

Nilipaswa kusema neno. Nilitazama viatu vyangu.

Tulipotoka nje baba hakulalamika. "Hizi pesa nimeshakupa," akasema. "Ukiitaka, rudi ukainunue. Ila ikivunjika ukiteremka kule Bigogwe, utaipeleka kwa fundi gani?" Nilikumbuka fremu yake ilipokatika chini ya kiti nikiwa darasa la tano. Fundi wa kando ya barabara aliichomelea asubuhi, na jioni tulikula. Kovu la kuchomelea lipo mpaka leo. Sisemi kwamba kaboni ni mbaya, wala kwamba haitengenezeki; hutengenezwa na wanaoijua kazi hiyo. Ila mtu wa namna hiyo si rahisi kumpata kila kijiji nitakachopita.

Niliirudisha sarafu mfukoni mwake, na pesa zake pia.

Mwezi mmodja baadaye nilipata Musanze fremu ya chuma kilichochanganywa na kromu, ya zamani, kwa faranga 230,000. Safari hii niliikagua mwenyewe. Kwanza kipimo, maana fremu isiyolingana na mwili haifai hata ikiwa ya dhahabu: nilisimama nimeipanua miguu juu ya bomba la kati, nikaona nafasi inatosha. Kisha nilichomoa kiti, nikamulika ndani ya bomba kwa simu kutafuta kutu. Mwishowe nikaigonga kote kwa sarafu. Faranga 20,000 zilizobaki zilisaidia kununua kofia ya kujikinga.

Ina kilo 10.5, kilo mbili zaidi ya ile nyeusi. Nilipiga hesabu: mimi na baiskeli tuna kilo 72.5, kwa hiyo katika mlima wa saa nzima kilo hizo mbili zinanigharimu takriban dakika moja na nusu. Dakika hiyo na nusu nitaitafuta kwa miguu yangu. Na tairi za milimita 28, zisizojazwa upepo kupita kiasi, zimenituliza kwenye mashimo kuliko nilivyotarajia kutoka kwa fremu yoyote.

Likizo nilipanda kutoka Gisenyi kuelekea Mukamira, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baba alinisindikiza hadi mwanzo wa mlima akiwa na gunia la karoti kwenye tandiko. Pale aliteremka, akaanza kusukuma. Mimi nikapanda. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa bado anasukuma, ameinamisha kichwa, na nikajua ni nani kati yetu aliyekuwa mwanamichezo.

Niliporudi Huye, mwenzangu wa chumbani aliizunguka baiskeli.

"Ni kaboni?"

"Ni chuma."

"Nani alikuchagulia?"

"Nilichagua mwenyewe, lakini baba ndiye aliyenifundisha kukagua. Yeye ni umunyonzi kule Gisenyi."

Akanitazama kidogo, kisha akainyanyua baiskeli kwa mikono miwili.

"Nzito kidogo," akasema.

"Kidogo," nikamjibu.