Nyuma ya Pikapu Kuna Mtu

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Sumbawanga, panda basi la asubuhi kutoka Tunduma. Lami itakupeleka zaidi ya kilometa 200, kupitia Laela, juu ya uwanda mpana wa Ufipa wenye baridi ya kuvalia sweta. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, na mashariki, chini bondeni, Ziwa Rukwa. Mji huo ndio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, na wenyeji watakueleza kwamba jina lake maana yake ni "tupa uchawi".

Lakini mkulima wa mahindi, maharage na ulezi hakai kando ya lami. Ukiiacha barabara kuu unaingia katika njia za udongo, na huko mfalme wa njia ni pikapu. Hubeba mbolea, magunia, wagonjwa na wageni. Nami mwandishi wako, mwezi mmoja wa Februari, nilibebwa hivyo hivyo, nimeketi juu ya magunia huku mvua ikininyeshea.

Mbele yetu alitokea mama mmoja, debe kichwani, amemshika mkono mwanawe aliyevaa sare za shule. Waliposikia gari wakasogea majanini, na mama akainama kidogo kutuamkia, kwani Wafipa ni watu wasifikao kwa adabu ya maamkizi. Tulipowapita walirudi njiani. Papo hapo dereva akakanyaga mafuta ili tupande kilima, gurudumu la nyuma likateleza, na tope likawarukia wote wawili. Shati jeupe la mtoto likawa la rangi ya udongo. Mimi niliyetazama nyuma niliona. Dereva aliyetazama mbele hakuona kitu.

Tulipofika nilichungulia chini ya gari. Vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu, ambavyo wengi wetu huviita madigadi, havikuwapo. Nilipomwuliza dereva, akanijibu kwa upole: "Ndugu mwandishi, nilivitoa mwenyewe. Gari likijaa mzigo linashuka, mpira unaburuza. Nikirudi nyuma tairi linaukanyaga, unachanika."

Ndugu msomaji, hoja hiyo si ya kudharauliwa. Pikapu tupu husimama juu, na ikibeba mzigo sehemu ya nyuma hudidimia. Mpira mrefu mno utaburuza, nao mfupi mno hauzuii kitu. Lakini je, dawa ya kiatu kinachobana ni kutembea pekupeku? Madigadi yapimwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, yaachiwe nafasi juu ya ardhi, yawe mapana kama tairi lenyewe, na yasifungwe karibu mno nalo. Penye njia mbovu, mnyororo mdogo unaweza kuyainua. Wala hapana haja ya kuagiza mpira ng'ambo: fundi ashonaye katambuga kwa matairi makuukuu anao mpira na kisu cha kuukatia.

Tena tope ni nusu tu ya habari. Wakati wa kiangazi gurudumu hilo hilo hurusha kokoto, na kokoto haichagui kati ya kioo cha gari linalofuata na jicho la mwendesha baiskeli. Hata mwenye gari hujipunja, kwani tope lililogandamana chini ya bodi hushika unyevu na kuita kutu.

Naam, madigadi hayawezi yote. Maji ya dimbwi yarukayo ubavuni hayazuiliwi nayo. Hayo dawa yake ni kupunguza mwendo. Lakini tope na mawe yarukayo nyuma, hayo tunaweza kuyapunguza kwa vipande viwili vya mpira.

Vitu vingi vya gari humlinda aliyemo ndani. Hiki humlinda zaidi aliye nje, ambaye hawezi kukifunga wala kukidai, kwa maana gari limekwisha kwenda zake. Basi wewe mwenye pikapu, uwe Sumbawanga, Mbeya au Dar es Salaam, zunguka leo nyuma ya gari lako ukaangalie. Yule mama alitupa salamu. Si haki tumlipe tope.