Korongo, Genge na Pango

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha mjini Bujumbura maneno korongo, genge na pango, wala sikumbuki kama nilipata kujiuliza iwapo nayajua. Mwanafunzi akiuliza korongo ni nini, nilimjibu kuwa ni bonde jembamba lenye magenge. Akiuliza genge, nilimjibu kuwa ni ukingo wa korongo. Zaidi ya hayo niliwaonya tu wasichanganye korongo hilo na ndege wa jina hilo, wala pango la mlimani na lile pango analolipwa mwenye nyumba. Walimu wenzangu watanielewa: mtihani haukudai zaidi.

Mwezi wa Julai mwaka 2023 nilikwenda Australia kumtazama mdogo wangu, ambaye tulipoteana mwezi wa Machi mwaka 1995, vita vilipoingia mtaani kwetu Buyenzi. Yeye alivuka kwenda Tanzania, akakaa kambini Kigoma miaka mingi, na hatimaye akapelekwa Perth. Mimi nilibaki na mama. Kwa simu tulizungumza mara nyingi, lakini habari za usiku ule hatukuzigusa kamwe. Nilipofika aliniambia, "Kaka, mjini hapa hakuna la kukuonyesha. Twende kaskazini, tukalale hemani." Nilistaajabu. Mtu aliyelala chini ya turubai miaka yote ile, bado analitamani hema!

Kutoka Perth hadi Derby ni zaidi ya kilometa 2,000, nami sina la kusimulia juu yake ila uchovu. Baada ya Derby tulishika barabara ya Gibb River, iliyotengenezwa kwa ajili ya kusafirishia ng'ombe; urefu wake ni kama kilometa 660, na sehemu kubwa ni changarawe na vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya chai. Hapo ndipo nilipoona mibuyu. Ni ya aina nyingine, lakini ni mibuyu kweli, wa ukoo mmoja na ile ya Afrika, imesimama nyikani na matumbo yake kama wazee waliokwisha kula. Nilimwomba mdogo wangu asimamishe gari, nikaenda kuushika mmoja.

Tulipiga hema karibu na korongo la Windjana, ambalo wenyeji wake, watu wa Bunuba, huliita Bandilngan. Mto Lennard umelikata lile jiwe la chokaa kwa zaidi ya kilometa tatu, na kuta zake mahali pengine hufikia meta 100. Wataalamu wanasema jiwe hilo lilijengwa chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, na mimi mwenyewe niliona ukutani alama za viumbe wa baharini, pale palipokuwa pakavu kama jiko. Nilisimama kati ya kuta mbili, nikaona jinsi jua lilivyochelewa kufika chini, na jinsi sauti yangu ilivyorudi. Hayo yote hayamo katika jibu nililowapa wanafunzi.

Mchangani walilala mamba. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika hatuchezi na mamba, na miguu yangu ilikataa. Mdogo wangu alinieleza kuwa hawa ni wa maji baridi, wenye pua nyembamba, chakula chao hasa ni samaki na wadudu, na hawamsumbui mtu asiyewachokoza. Nilimwamini nusu.

Kesho yake tulikwenda Dimalurru, ambako kijito hupita chini ya vilima vya Napier kwa meta 750, kikaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Hapa ndipo alipojificha Jandamarra, mtu wa Bunuba aliyewahi kuwatumikia polisi. Mwaka 1894 alimwua polisi mmoja, akawafungua watu wake waliokuwa wamefungwa minyororo, kisha akapigana hadi alipouawa karibu na pango hilo tarehe 1 Aprili 1897.

Tuliingia majini, tochi mkononi. Katikati paa limeporomoka, na mwanga unashuka kutoka juu, tukapumzika hapo. Mbele yake giza likaanza tena, na popo juu yetu. Maji yalipofika magotini tochi yangu ilizima. Kosa langu mwenyewe: niliambiwa ninunue betri mpya, nikaona ubadhirifu. Mdogo wangu alikuwa mbele na tochi yake. Hakugeuka. Alisema tu, "Kaka, shika bega langu."

Tulikwenda hivyo hatua kadhaa. Kisha akasema, "Usiku ule mimi ndiye niliyeshika lako, mpaka mto Ntahangwa. Ukaniambia nikungoje, unarudi kumchukua mama. Nilikungoja mpaka alfajiri."

Nilimwambia kwamba mama alishindwa kutembea. Kwamba nilirudi mtoni kulipopambazuka, sikumkuta. Kwamba nilirudi tena siku ya pili na ya tatu. Hakujibu. Nilisikia maji tu, na chini ya kiganja changu bega lake likipanda na kushuka. Baadaye akasema, "Hapa pana jiwe, inua mguu."

Tulitokea upande wa pili, tukakaa juani tukikausha suruali. Hapo aliniuliza swali la kimwalimu, labda kwa kunihurumia: mahali kama hapa huitwaje kwa Kiswahili? Nilisema pango. Akakataa, pango, alisema, mtu huingia na kutokea palepale alipoingilia. Nilisema handaki. Akakataa tena, kwa kuwa handaki huchimbwa na watu. Yeye alipendekeza upenyo, nami nikaona ni neno dogo mno kwa mahali pakubwa namna ile. Tulibishana mpaka jua likaanza kushuka, na njia ya kurudi ni ileile ya majini, kwa tochi moja. Mwalimu mwenzangu aliye na neno bora na anijulishe, nami nitampelekea Perth.