Askari Wawili wa Vita Moja

Hapa Itumba kijiweni wananiita Profesa, na si kwa heshima. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya kuendelea, na tangu hapo naandika riwaya kwenye madaftari. Wenzangu wanashuka Tunduma kubeba mizigo mpakani, wanarudi na hela. Mimi narudi na vitabu chakavu. Sasa ngoja nikusimulie, msomaji, habari za profesa wa kweli niliyemkuta katika kimojawapo cha vitabu hivyo, maana jamaa huyo alipita jeshini kabla ya kufika Dar es Salaam.

Jina lake Arnold Kettle, Mwingereza, mzaliwa wa 1916. Alisoma Cambridge, akawa mkomunisti, halafu Vita Kuu ya Pili ikamwingiza jeshini. Ilipokwisha akawa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza huko Leeds, na akaandika An Introduction to the English Novel, juzuu ya kwanza 1951 na ya pili 1953. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokwenda kusoma Leeds mwaka 1964 alimkuta hukohuko. Halafu mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, bwana Kettle akaja Mlimani kuwa profesa wa fasihi, akakaa mpaka 1970.

Hebu fikiria alikofikia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kilekile waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Mwaka uliofuata anaingia darasani mtu aliyewahi kuvaa magwanda, anafundisha riwaya. Ningelipa nauli ya basi mpaka Dar kusikia walichoulizana.

Mimi ninayo juzuu ya kwanza tu, shilingi elfu mbili, muuzaji alikuwa keshaanza kuchana karatasi za mwisho kufungia karanga. Kiingereza chake kinanitoa jasho. Lakini sura ya mwanzo nimeielewa: anasema riwaya inataka uhai na inataka mpangilio. Nakubali, ila si kwa urahisi. Mpangilio unaweza kuusoma Cambridge. Uhai je, ukishakuwa nao na hakuna aliyekupa kalamu?

Nasema hivyo kwa sababu vita hiyohiyo ilimchukua na baba wa babu yangu. Alikuwa askari wa keya. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini vita ile, na yeye akapelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua inapiga, tope mpaka magotini, kuelekea mto Chindwin. Mzee alirudi na koti moja la jeshi (kwa baridi ya Ileje lilimfaa sana) na Kiingereza cha kuamrisha tu. Msomi alirudi akapata darasa. Mzee wetu alirudi kwenye mahindi na kahawa, na kodi ikimsubiri.

Alifariki kabla sijazaliwa. Anayeyajua mambo yake ni bibi yangu peke yake, mke wa mwanawe. Na bibi hakusimuliwa! Kwetu zamani mke wa mtoto hakai na baba mkwe, wala hamtazami usoni.

"Mimi nilikuwa nasikilizia jikoni, mume wangu," ananiambia, maana ndivyo anavyonitania. "Wazee wakinywa pombe, anaanza habari za Bama. Mimi nakoroga ugali polepole ili nisikie."

Kwa hiyo habari zimenifikia vipandevipande, kadiri ugali ulivyochukua kuiva. Ruba waliowanyonya miguu. Nyumbu waliokwama kwenye tope na mizigo mgongoni. Na rafiki mmoja wa mzee, kijana wa milima hiihii, aliyefia kando ya mto, mzee akamfunika kwa shuka la mvua, asubuhi wakaondoka. Bibi anasema kila alipofika hapo mzee alinyamaza, na wageni wakaaga.

Mwaka jana bibi alinitajia jina la yule rafiki, nikaliandika. Wiki iliyopita nikamuuliza tena, akataja jina jingine kabisa, la ukoo mwingine, bila kusita. Nilipomsomea lile la kwanza akanishangaa: "Huyo ni nani tena?" Umri umempita themanini, kuna asubuhi ananiita kwa jina la babu.

Rafiki yangu mmoja ananishauri nibuni jina langu, si riwaya bwana! Ingekuwa rahisi. Lakini huenda nyumbani kwa watu fulani, Bupigu au Isongole au ng'ambo ya Songwe, kuna mahali pa mtoto ambaye hakurudi, na hawajui aliishia wapi. Jina la uongo halitawafikia.

Sura ya nne imesimama hapo. Wewe msomaji, kama kwenu kuna habari ya ndugu aliyekwenda keya akafia Burma, mwandikie mhariri atanifikishia. Majina yote mawili ninayo kwenye daftari, sitayachapa hapa mpaka nipate mtu wa kuyatambua.