Samaki Wakavu wa Ziwa Turkana

Wengi wetu hula samaki wakavu bila kuuliza wametoka wapi. Likizo ya mwezi wa Mei nilifuatana na mjomba wangu, mfanya biashara wa Busia, mpaka kambi ya wavuvi karibu na Kalokol, kaskazini ya Kenya. Ipo kando ya Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf hadi mwaka 1975. Kwetu Uganda ilikuwa masika. Kule palikuwa mchanga na jua kali.

Upepo wa kusini-mashariki huvuma kule usiku kucha mpaka asubuhi. Siku ya pili tulihesabu mitumbwi: minne ilikwenda, mitatu ilirudi. Wanawake waliendelea kupasua sangara na kuwatia chumvi, wala hakuna aliyesema neno. Baada ya adhuhuri upepo ulitulia, na mtumbwi wa nne ukaonekana, vijana wawili wakichota maji yaliyoingia ndani. Nyavu zao zilikuwa zimepotea.

Mjomba ni hodari wa kupatana bei. Siku ile alilipa alichoombwa.

Samaki wale hufika hata Kongo. Basi wakiletwa mezani, tusiwaite chakula rahisi.