Amehamia Daftari la Saba

Nilipita Kariakoo siku chache baada ya Idi nikakuta nyumba iliyokuwa na duka la steshenari, katika mtaa mmoja unaokatiza Msimbazi, imeshabomolewa. Wamezungusha mabati ya buluu, na nyuma ya mabati kuna shimo la msingi wa ghorofa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza nina shida gani. Nilivyorudi nyumbani nilimkuta mjukuu wangu, aliye mwaka wa pili chuoni, amekaa mbele ya kompyuta yangu amekunja uso.

“Shikamoo babu. Hii kadi ya demani ina viungo vinne, vitatu havifunguki.”

Nikamwitikia, nikamwambia vimekatika na inabidi virekebishwe.

“Vya nini tena, babu? Si unaandika tu neno, unatafuta, linakuja lenyewe?”

Shimo lile na swali lile vilinijia siku moja, na jibu la swali nililipata miaka mingi nyuma ndani ya duka lililokuwa hapo penye shimo. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nilimwambia atafute “tanga” katika daftari letu la maneno ya vyombo vya baharini. Likaja tanga la jahazi, ukaja mji wa Tanga, wakaja mabaharia waliotangatanga, yakaja na matanga ya msiba. Akatafuta “sifa”, yale mafuta ya papa yanayopakwa ubao wa chombo. Zikaja sifa za mbao, sifa za nahodha na sifa za mti wa mvule, na mafuta yenyewe yako huko chini ukurasa wa nne. Demani nayo ni msimu, na demani ni kamba ya tanga. Kutafuta kunakuletea neno popote lilipoandikwa. Kiungo kimewekwa na mtu. Yupo aliyekaa juu ya gogo na fundi wa majahazi tangu asubuhi, akasikiliza, akaamua kwamba kadi hii isomwe pamoja na ile. Kiungo kikikatika, uamuzi huo umepotea, na katika daftari letu mmoja wa waliokuwa wakiamua tulishamzika.

Duka lilikuwa jembamba kama ujia. Ukivuka kizingiti ulipokewa na harufu ya wino wa mashine ya kurudufu, ule mweusi mzito wa kwenye tyubu, imechanganyika na harufu ya gundi ya unga wa muhogo ambayo mwenye duka aliipika mwenyewe uani, juu ya jiko la mkaa, kwa ajili ya kujalidi vitabu. Katika joto la Januari harufu hiyo uliondoka nayo kwenye shati na ukalala nayo. Aliuza kalamu, bahasha, rimu za karatasi, karatasi za stensili na kaunta buku za kwaya mbili mpaka nne. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kucha zilizoshika wino hata siku ya Ijumaa, na hakuwahi kumpa mteja kalamu bila kuijaribu kwanza pembeni mwa gazeti.

Nilichokipenda kuliko vyote ni namna alivyoandika wadeni wake. Kila mteja alikuwa na namba, na namba hiyo hakumpa mtu mwingine hata mwenyewe akihama mji au akifa. Mimi nilikuwa 58. Ukurasa wa mteja ukijaa, alipiga mstari chini kabisa kwa wino mwekundu, akaandika: amehamia daftari la saba, uk. 12. Kisha alifungua daftari la saba, na juu ya ukurasa wa 12 akaandika: ametoka daftari la nne, uk. 46. Kwenda na kurudi. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua mara mbili, na hali mdeni mwenyewe yupo na deni lake analijua. Akasema katika miaka yake yote ya biashara, walioyakataa madeni ni wachache. Madeni mengi yalipotea kwa kuwa daftari lilihama bila kuaga. Akarudi kwenye gundi yake.

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa humo dukani. Siku zote nimesimulia kwamba ilikuwa 1997. Juzi nimetazama stakabadhi ya malipo ya kuchapiwa, inasema Machi 1999. Basi iwe 1999. Ilifunikwa kitambaa cha kufumwa, na mwenye duka alikifunua kwa mikono miwili.

Sisi tulikuwa watatu, mimi Dar es Salaam, mwenzetu mmoja Tanga na mwingine Unguja, na tulikuwa na kasha la kadi za karatasi. Kila kadi neno moja: mlingoti, foromali, mkuku, taruma, kalafati. Chini ya kadi tuliandika “taz.” na neno la jirani yake. Ile “taz.” ya karatasi haikuwahi kutuangusha, maana kasha lilikuwa moja na mpangilio ulikuwa wa alfabeti. Binti aliyekuwa akichapa dukani ndiye aliyetuonyesha kwamba kompyuta inaweza kuigeuza “taz.” kuwa mlango. Nilibofya kwenye demani, ikafunguka joshi. Nikabofya tena, nikarudi nilikotoka. Mwenye duka aliinama akatazama kwa makini, akasema: hili ni kama langu, kwenda na kurudi.

Tukanunua diski, za megabaiti 1.44 kila moja, tukagawana. Kilichotokea Tanga kilitufundisha. Mwenzetu alinakili kadi zote kwenye kompyuta ya ofisini kwake, akabofya, hakikufunguka hata kimoja. Kumbe kila kiungo kilikuwa kimeandikwa anwani nzima, kuanzia herufi ya diski, kisha folda, kisha folda iliyo ndani ya folda, mpaka jina la faili. Kwa kompyuta ya dukani anwani ile ilikuwa sahihi. Kwa kompyuta ya Tanga ilikuwa sawa na kumwelekeza mgeni aliyeko Chumbageni kwa kumwambia akate kushoto Msimbazi. Dawa yake ni kuandika anwani inayoanzia pale kadi yenyewe ilipo: folda hii hii, faili la joshi, au, toka nje folda moja, ingia folda ya kamba. Hapo hata folda nzima ikihamia kompyuta nyingine, kadi zinahama na ujirani wao. Tulizipitia moja moja kwa mkono, jioni baada ya jioni, kwa miezi mitatu.

Flashi zilipokuja walioendelea na anwani nzima walitaabika upya, maana flashi ile ile kompyuta hii inaiita E, ile F, nyingine G. Mwenzetu wa Unguja alikuwa ameviacha viungo vyake katika hali hiyo ya zamani. Alipohamia Windows Vista, iliyotoka 2007, folda kuu iliyoitwa Documents and Settings ikawa inaitwa Users, na kazi yake ya miaka sita ikawa milango isiyo na vyumba. Tanga nako waliweka Linux, ambayo Demani na demani kwake ni mafaili mawili tofauti, wakati Windows inayaona moja.

Aliyetupa ushauri uliosimama mpaka leo ni mwenye duka. Nilikuwa nikimlalamikia majina. Tumesahihisha tahajia, foromali mwingine kaandika foramali, na kila jina likibadilika viungo vinavyoliendea vinakatika. Akasema: wape namba, kama wadeni. Tukazipa. Kila faili likaanza na tarakimu nne, 0001 na kuendelea, na namba ya kadi iliyofutwa hairudi kutumika. Baadaye sana nilisoma juu ya Niklas Luhmann, msomi wa Ujerumani aliyeacha kadi za karatasi zipatazo 90,000, kila moja na namba yake ya kudumu, na kadi zikiitana kwa namba hizo. Nilifurahi kwa niaba ya mzee wangu.

Alifariki 2011. Kaunta buku zake, kumi na moja, ziliuzwa kwa kilo kwa wafunga karanga. Nilikwenda kuziomba nikachelewa siku tatu.

Ya baadaye nayapitia haraka. Mkongo wa baharini ulikuja, tukaweka daftari mtandaoni, kompyuta tatu zikawa zinasoma folda moja. Umeme ukikatika Tanga na mimi nikiwa naandika Dar, zilizaliwa nakala mbili za kadi moja, na kiungo kikashika ile ya zamani. Mwenzetu wa Unguja alifariki 2016. Programu za sasa za kuandikia kumbukumbu ni nzuri kweli, ukibadili jina la kadi zinarekebisha viungo zenyewe, lakini ukilibadili jina la faili nje ya programu, kwa simu tu, hazina habari. Na vijana hubadili kwa simu. Wanatumiana mafaili yanayoitwa “final mpya 2”, wanahamisha folda usiku, asubuhi hakuna aliyeachiwa neno. Ofisi moja ya umma iliyokuwa na orodha ya istilahi za ubaharia ilijenga upya tovuti yake, viungo vyetu 31 vikafa siku moja, na hawakuacha hata mstari wa kusema ukurasa umehamia wapi. Tim Berners-Lee, aliyeubuni huu wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Hili si jambo geni, na linaniudhi kwamba tunalifanya kila mwaka.

Mjukuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: “Sasa babu, tunaanzia wapi?”

Tulianza kwa kutoa nakala ya folda nzima na kuiweka kando, na kuwaomba Tanga na Unguja wafunge daftari kwa siku mbili. Akaandika programu fupi inayopita kadi moja baada ya nyingine, inachukua kila kiungo na kuuliza kama faili lipo. Viungo vilikuwa 1,140, vilivyokatika 367. Vile vilivyotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo, au vilivyobaki na jina la zamani ilhali namba ipo, programu ilivirekebisha yenyewe. Vikabaki 212 ambavyo hakuna mashine ya kuviamulia. Vingi ni vya marehemu. Kwa hivyo tunasoma kadi, tunamsoma yeye, tunapiga simu Unguja kwa binti yake, ambaye bado ana madaftari ya mkono ya baba yake, na tukipata jibu tunaandika pande zote mbili, inakokwenda na ilikotoka.

Tunafanya kumi kila jioni baada ya Isha. Kadi 0417, demani, sasa viungo vyake vyote vinne vinafunguka, Dar es Salaam, Tanga na Unguja.