Mkono wa Mwenyewe
Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, motokaa ina maadui wawili: vumbi na chumvi. Vumbi huonekana, na kila mtu hulilaani. Chumvi huja na upepo wa bahari bila ya kubisha hodi, ikajificha pembeni mwa milango na kuita kutu.

Aoshaye motokaa yake mwenyewe huanza asubuhi, kivulini, bati likiwa limepoa. Kwanza humwaga maji mengi, maana mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Huosha kutoka juu kushuka chini, akasuuza, akakausha, kisha akapaka nta kidogo kidogo. Nta isifiwayo sana hutoka katika majani ya kanauba, mti wa Brazili ulio wa jamii moja na mnazi. Nta izuiayo jani lisikauke juani huzuia pia chumvi isiguse rangi.

Lakini mng'aro si faida kubwa. Mkono wa kukodi hulipwa kwa mng'aro. Mkono wa mwenyewe, upitao kila mahali, hukuta doa la kutu lingali dogo kama punje ya mtama. Maradhi yajulikanayo mapema hutibika. Yafichwayo na rangi nzuri hujitangaza siku ya msiba.