Programu ya kuchora isiyokufilisi

Siku hizi naulizwa swali moja na vijana wa huku kwetu Kariandusi na Gilgil wanaotaka kuanza kazi ya kubuni nembo, lebo na mabango: "Kaka, nitumie programu gani na sina pesa?" Mimi ni mwandishi wa programu, na shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta wala si ya sanaa. Lakini kazi za michoro ndizo hunilipia stima mwezi ambao kazi nyingine imekauka, kwa hiyo swali hili nalijua kwa mfuko wangu.

Jibu langu huwashangaza. Nawaambia wasianze na bei. Waanze kwa kujiuliza: siku nikiacha kulipa, faili langu nitalifungua na nini?

Mwaka jana kikundi cha akina mama wanaofuga nyuki hapa karibu kilinijia. Asali ilikuwa imejaa ndoo, chupa mpya za gramu 250 zimenunuliwa, na duka moja la Nakuru linasubiri mzigo. Lebo yao ilikuwa ya gramu 500. Kubadilisha tarakimu tatu tu! Lakini aliyewachorea alikuwa amehama na ameacha kulipia programu yake ya kila mwezi, na faili walilokuwa nalo lilifunguka kwa programu hiyo peke yake. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Kijana wangu, si tulilipia hii lebo? Ni yetu ama ni ya kompyuta?" Sikuwa na jibu la kumpa. Niliichora upya yote kwa kufuatisha karatasi iliyochapishwa, na mzigo ukachelewa wiki nzima.

Usidhani ni mambo ya kijijini tu. Wabunifu wa dunia nzima waliotumia FreeHand yaliwapata makubwa kuliko hayo. Kampuni ya Macromedia iliyokuwa ikiitengeneza ilinunuliwa na Adobe mwaka 2005, na mwaka 2007 Adobe ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena. Watu walibaki na kazi za miaka mingi ndani ya programu isiyo na kesho. Mwaka 2013 Adobe hiyohiyo ikatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa ada ya kudumu kulipwa, si kwa kununua mara moja.

Kuna pia Affinity. Ilianza mwaka 2014 kwa bei ya kulipa mara moja, Canva ikainunua mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni programu nzuri na sikukatazi kuitumia. Ila kumbuka, ndugu msomaji, bure si sawa na huria. Aliyeifanya bure ni mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili nia. Programu huria leseni yake inakuruhusu kubaki na nakala yako, kuitumia kwa kazi ya pesa na hata kuibadilisha, na hakuna anayekuja kukunyang'anya.

Basi mimi natumia tatu. Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ni ya nembo na lebo, yaani michoro ya vekta inayokuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuchakaa. GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley mwaka 1995, ni ya kusafisha picha. Scribus ni ya kupanga kurasa: vitabu vidogo, kalenda, ratiba za mazishi.

Sasa nisikudanganye, kuna tatizo la rangi. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya kuchapa huchanganya wino nne, ndiyo CMYK. Inkscape, hata toleo la 1.4 la mwaka 2024, hutoa PDF ya rangi za skrini. Kijani kinachong'aa kwenye skrini hutoka kimefifia kwenye karatasi. Mimi huupeleka mchoro kwenye Scribus, nikaweka rangi za wino humo, nikatoa PDF. Maduka mengi ya kuchapa hutumia CorelDRAW, nayo hupokea PDF bila shida mradi herufi umezigeuza kuwa michoro na umeacha milimita 3 za ziada kila upande wa kukatwa. Tena omba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa elfu moja!

Faida nyingine inatuhusu sisi watu wa msimbo. Inkscape huhifadhi kwa SVG, kiwango cha wazi cha mwaka 2001, na ndani yake ni maandishi matupu. Shule jirani ilipotaka vyeti 140, nilichora kimoja nikaandika neno JINA, kisha skripti fupi ya Python ikabadilisha jina moja baada ya jingine na kuiamuru Inkscape itoe PDF. Ilichukua dakika chache.

Je, kuna wakati wa kulipa? Upo. Mteja akitaka ufanye kazi ndani ya mafaili yake ya Illustrator, lipia na uweke gharama hiyo kwenye bei yako. Lakini piga hesabu ya mwaka mzima. Ada huja kila mwezi, kazi haziji kila mwezi. Januari wazazi wanalipa karo, hakuna anayefikiria nembo.

Na nakala za wizi? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu kama inavyolinda vitabu. Nami naishi kwa kuandika programu, siwezi kumwibia mwenzangu kisha niombe nilipwe.

Wale akina mama niliwakabidhi flashi yenye SVG, PDF na fonti zenye leseni huria. Mwaka huu wameongeza chupa ya kilo moja. Binti wa mmoja wao alibadilisha uzito mwenyewe kwenye kompyuta ya shule, na mimi sikulipwa hata shilingi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lebo ni yao.